Nasikia unaongea, ila sijui uko wapi

Sikio langu la kushoto liliacha kufanya kazi ghafla. Nililala mzima nikaamka upande ule hamna kitu, zaidi ya mlio mmoja mwembamba ambao mpaka leo upo. La kulia ni zima kabisa. Watu wakishajua hilo wanadhani mimi nasikia nusu, yaani kwamba dunia yangu imepunguzwa sauti, kwa hiyo wanasogea na kuanza kupaza. Sauti ninayo ya kutosha jamani, kilichoondoka ni "wapi". Simu ikilia naisikia vizuri tu, ila kila mlio kwangu unatokea kulia, hata kama simu yenyewe iko mfuko wa kushoto. Mtu akiniita njiani nageukia upande ambao hayupo. Honi ikipigwa inabidi nisimame nitazame pande zote kwanza ndo nijue gari liko wapi, na wakikusanyika watu wengi wakaongea kwa pamoja, sauti zao zote zinakuja zimebanana sehemu moja na mimi siwezi kuchomoa hata moja.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma kila ninachopata kuhusu masikio, na kuna jambo moja nataka niliseme vizuri kwa sababu naona watu wanaumia nalo kimya kimya: kazi kubwa ya kusikia ni kutenganisha sauti na kuzipa mahali pake, na uwezo huo ndio mara nyingi unaoharibika mapema, wakati mtu bado anaitikia akiitwa na kila mtu anaamini anasikia. Kwa hiyo lile swali tunaloulizana siku zote, "unasikia au husikii?", halimsaidii mtu mwenye shida.

Tuanze na jicho ili tuone sikio lina kazi gani. Jicho limerahisishiwa. Mwanga unaotoka kushoto unaangukia sehemu yake nyuma ya jicho, unaotoka kulia sehemu nyingine, kwa hiyo "wapi" imo tayari ndani ya picha. Sikio halina kitu kama hicho. Ndani kabisa kuna koklea, kile kimrija kilichojikunja kama mizunguko miwili na nusu, na mle ndani sauti zinapangwa kwa unene na wembamba wake tu: nyembamba zinashikwa mwanzoni, nzito zinaenda mpaka mwisho kabisa. Hamna sehemu ya koklea inayohusika na kushoto wala ya juu wala ya nyuma. Mahali sauti inapotoka panatafutwa na ubongo, kwa hesabu, kila sekunde ya maisha yako.

Albert Bregman, mwanasaikolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill kule Canada, alikuwa na mfano mmoja ambao mimi sijaona unaoushinda. Anasema chukulia uko ukingoni mwa ziwa, umechimba vijifereji viwili vyembamba maji yaingie, na kila kimoja umetandaza kitambaa juu ya maji. Sasa huruhusiwi kutazama ziwa, unatazama vitambaa viwili tu vinavyopanda na kushuka, halafu unaulizwa: ziwani kuna mashua ngapi, ipi kubwa, ipi iko karibu, upepo unavuma? Ukisikia swali unaona kabisa haiwezekani. Na hiyo ndiyo kazi wanayofanya masikio yako mawili na viwambo vyake viwili, saa hizi unaposoma, na hata hujui kama inafanyika.

Inafanyikaje sasa. Hewani sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ikitoka kushoto kabisa inalifikia kwanza sikio la kushoto, halafu inazunguka kichwa na kulifikia la kulia ikiwa imechelewa kwa karibu mikrosekunde 650. Mikrosekunde ni sekunde moja ukiikata vipande milioni, kwa hiyo tunaongelea muda mfupi hata kuliko sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, na hapo ndo tofauti kubwa kuliko zote kichwa cha mtu kinachoweza kutoa. Sauti ikisogea kuelekea mbele yako tofauti inazidi kupungua mpaka inakuwa sifuri. Na bado ubongo unagundua tofauti ya mikrosekunde kama 10 tu! Mimi hiyo namba kila nikiikumbuka nashangaa upya. Kwenye shina la ubongo kuna seli ambazo kazi yake ni kupokea taarifa kutoka masikio yote mawili kwa pamoja na kulinganisha ipi imetangulia, ndo maana mbele ya uso mtu mwenye masikio mazima anaweza kutofautisha sauti mbili zilizoachana kwa digrii 1 tu. Pembeni usahihi unashuka sana, na ndo maana ukisikia kitu ubavuni kichwa kinageuka chenyewe, kinakileta kile kitu kwenye eneo ambalo masikio yanapima vizuri.

Ila muda peke yake hautoshi. Lord Rayleigh, yule mwanafizikia Mwingereza aliyepata Nobel mwaka 1904, alilifuatilia hili kwa miaka mingi na mwaka 1907 akaeleza kwamba tunatumia njia mbili. Sauti nzito wimbi lake ni refu, la hetzi 100 (yaani mitetemo 100 kwa sekunde) linafika kama mita 3 na nusu, linakizunguka kichwa kama vile hakipo, kwa hiyo hapo ubongo unategemea ule muda. Sauti nyembamba ya hetzi 6,000 wimbi lake halifiki hata sentimita 6, kichwa kinaikinga na sikio la upande wa pili linakuwa kivulini, tofauti ya ukubwa inaweza kufika desibeli 20 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa hiyo nzito kwa muda, nyembamba kwa ukubwa, na kati kati hapo kwenye hetzi 1,500 mpaka 3,000 hivi ndo tunakosea zaidi.

Ukitaka kuona hili mwenyewe mwombe mtu achukue funguo, wewe fumba macho, azitikise sehemu tofauti tofauti kukuzunguka na wewe uoneshe kwa kidole. Utapatia karibu kila mara. Halafu ziba sikio moja kwa kidole barabara, rudieni. Kidole chako kitaanza kuvutwa kuelekea upande wa sikio lililo wazi, funguo unazisikia vizuri kabisa lakini mahali pake pamepotea. Hapo ndipo mimi ninapoishi.

Afu kuna swali ambalo masikio mawili hayalijibu. Kitu kikiwa mbele yako sawasawa, au nyuma sawasawa, au juu ya utosi, tofauti ya masikio ni ile ile sifuri, sasa unajuaje? Njia moja ni kutingisha kichwa, ukigeuka kidogo tu tofauti inabadilika na jinsi inavyobadilika inakwambia kama kitu kiko mbele au nyuma. Njia nyingine ni ile nyama ya sikio la nje yenye mikunjo mikunjo. Sauti ikigonga mle inarudi rudi, baadhi ya wembamba unapunguzwa, mwingine unaongezwa, kutegemea imetokea juu au chini, na ubongo umeshakariri sikio lako linavyobadilisha sauti. Lako wewe, manake masikio ya watu hayafanani. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi, Paul Hofman na wenzake, waliwawekea watu vipande maalumu ndani ya mikunjo ya masikio kuyabadilisha umbo. Kushoto na kulia waliendelea kupatia, lakini juu na chini wakapoteana papo hapo. Wakaachwa waishi hivyo hivyo, na ndani ya wiki kadhaa ubongo ukajifunza masikio mapya, wakawa wanapatia tena. Halafu vipande vilipotolewa, masikio ya zamani yalifanya kazi moja kwa moja bila kujifunza upya, yaani kichwani kulikuwa na ramani mbili zinakaa pamoja. Habari hiyo ilinipa moyo sana. Ubongo unajifunza, hata mtu mzima.

Na kuta je? Ukiwa chumbani kila neno linakuja mara nyingi, moja kwa moja kutoka mdomoni halafu marudio yake kutoka ukutani, darini, mezani. Ubongo unaipa kura ile iliyofika kwanza, mwangwi unaokuja milisekunde chache baadaye unaunganishwa nayo, husikii watu wanne wakisema kitu kimoja. Kwa mtu ambaye masikio yamechoka mpangilio huu unalegea, ndo maana ukumbi mkubwa wenye kuta tupu na sakafu ngumu ni mateso kwake, na chumba chenye mapazia, zulia na makochi ni nafuu, hata kama anayeongea ni yule yule na sauti ni ile ile.

Kujua wapi kunaleta kujua nani. Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry aliwavalisha watu hedfoni, sikio moja linasomewa habari hii, la pili habari nyingine, wakaambiwa warudie kwa mdomo ya upande mmoja tu. Waliweza bila shida. Lakini ukiwauliza ule upande mwingine ulisema nini hawajui, hata lugha ilipobadilishwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani hawakugundua, ingawa sauti ya mwanaume ikigeuka ya mwanamke waligundua. Kwa hiyo ubongo unaweza kuufungia mlango upande mzima, mradi upande uwepo. Mimi sina upande wa kufungia.

Sauti zinatenganishwa kwa vitu vingine pia. Koo la mwanaume linatetema kama mara 100 au 120 kwa sekunde, la mwanamke kama 200, na kila koo linatoa ngazi nzima ya sauti zinazopanda kwa mpangilio wake, kwa hiyo ubongo ukikuta sauti ndogo ndogo nyingi zinazopanda kwa mpangilio mmoja, zimeanza pamoja na zimeisha pamoja, unazifunga fungu moja unasema huyu ni mtu mmoja. Lakini ili hilo liwezekane koklea lazima izipeleke zikiwa zimeachana, kila wembamba mahali pake, zisiwe zimevujiana.

Na hapo ndo penye ugonjwa wenyewe. Ndani ya koklea ya kila sikio kuna seli-nywele, seli zenye vinywele vinavyoshika mtetemo wa sauti, kama 15,000 na kidogo. Za ndani ni kama 3,500, hizo ndo zinapeleka habari kwenye ubongo. Za nje ni kama 12,000 na zina kazi ambayo kwa muda mrefu haikujulikana: zinajirefusha na kujifupisha kufuata sauti, zinaikuza sauti ndogo na kunoa tofauti kati ya sauti mbili zinazokaribiana. Zikifa, unapoteza vitu viwili kwa pamoja, sauti ndogo inapotea, na ile inayofika inafika imesambaa. Na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Ndege zake zinaota upya, jambo lililojulikana miaka ya 1980, sisi hapana.

Ukielewa hapo unamwelewa mzee nyumbani. Baba yangu usikivu wake umeshuka kwa umri, na kuna kitu kilikuwa kinatuchanganya: unamsemesha kwa kawaida anasema "Hee? Sema vizuri", unapandisha sauti anasema "Mwanangu, mbona unanipigia kelele?" Tulikuwa tunaona kama anatusumbua tu. Kumbe yote mawili ni kweli kabisa. Seli za nje zilizokufa ndizo zilizokuwa zinakuza sauti ndogo, kwa hiyo ndogo haifiki, ila kubwa haikuwa inazihitaji, kwa hiyo kubwa inafika na ukubwa wake wote. Kati ya "sisikii" na "unaniumiza" nafasi imebaki nyembamba mno.

Na umri unaanza kula upande wa sauti nyembamba. Irabu ziko upande mzito, zina nguvu. Konsonanti kama s, f, t, k, sh ni pumzi tu, hafifu, na nyingi ziko juu ya hetzi 2,000. Sasa sema saa, taa, kaa, paa, faa. Zitoe zile pumzi za mwanzo, zote zinabaki "aa". Nilimwambia baba "saa iko wapi" akanionesha taa, na sarufi yenyewe haimsaidii manake "iko wapi" inakubali zote mbili. Ukipiga kelele unazidisha hali, sababu kelele inakuza irabu kuliko konsonanti, "aa" inakuwa kubwa na ile s inazidi kumezwa. Ndo maana wazee wengi wanasema "nakusikia ila sielewi unachosema". Mwamini anayekwambia hivyo. Anakueleza ugonjwa wake kwa usahihi kuliko mashine ya kupimia.

Sio kila upungufu uko hivyo, na ni vizuri kutofautisha. Kuna wa njiani: nta imeziba, maji yamejaa nyuma ya kiwambo, kiwambo kimetoboka, usaha, au vile vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, vimegoma kutetema. Hapo koklea ni nzima, sauti haipiti tu, ukikuza inasaidia kweli na mara nyingi kuna tiba. Halafu kuna wa ndani, koklea na mshipa wake wa fahamu: umri, kelele, homa ya uti wa mgongo, surua, matubwitubwi, kurithi, na dawa kama gentamisini, streptomisini na ile ya kansa, sisplatini. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma.

Kelele niiongelee kidogo. Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza desibeli 3 muda salama unakatika nusu, 88 saa 4, 91 saa 2, ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Watu wanajipa moyo kwamba masikio yakiziba baada ya muziki mkubwa kesho yake yanazibuka. Mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman walichapisha utafiti wa panya: walipigiwa kelele kwa saa 2, usikivu ukapungua, halafu ukarudi kawaida kwenye vipimo, seli-nywele zote zipo. Lakini zile sehemu ambazo seli-nywele zinaungana na mshipa wa kusikia, sehemu nyingine mpaka nusu zilikuwa zimekufa na hazikurudi. Kwa binadamu bado wanabishana hilo linachangia kiasi gani, ila mimi naona linaeleza watu wengi wanaopimwa wakaambiwa wako sawa wakati wao wenyewe wanajua hawako sawa.

Manake angalia kipimo chenyewe kilivyo. Unaingizwa chumba kimya, hedfoni, sikio moja moja, unapigiwa mlio mmoja mmoja safi, ukiusikia unabonyeza. Kila kitu nilichokieleza hapa juu, masikio mawili kushirikiana, kutenganisha watu, kushinda mwangwi, hakimo. Kipimo ni kizuri kwa kazi yake, ila hakipimi maisha.

Kuhusu lililonipata mimi, lina jina, upotevu wa ghafla wa kusikia, na linahesabiwa kama dharura. Sikio likipotea ndani ya siku 3 hivi, unatakiwa upimwe haraka, kwa sababu dawa za steroidi (za kupunguza uvimbe) zina nafasi nzuri zaidi zikianza mapema, ndani ya wiki 2 za mwanzo. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Mimi mahali nilipoenda kwanza niliambiwa ni nta nikapewa matone, na siku zikapita. Kuna kijaribio kidogo ningependa kila mtu akijue: fumba mdomo ugune "mmm". Sikio likiwa limeziba tu, mguno unasikika zaidi upande ulioziba, jaribu sasa hivi kwa kuziba moja na kidole utaona. Lakini kama tatizo liko ndani, mguno unakimbilia upande mzima. Madaktari wanafanya hivyo hivyo kwa uma wa chuma unaolia, wanauweka katikati ya paji la uso. Mguno hauchukui nafasi ya daktari, ila ukiamka sikio moja limezima na mguno uko upande wa pili, usikubali kurudishwa na matone. Sema unataka kupimwa usikivu siku hiyo hiyo.

Kwa wanaoishi na mtu kama mimi au kama baba: mwite jina kwanza ageuke, ndo uanze habari. Sogea, manake ukipunguza umbali kwa nusu sehemu ya wazi unaongeza desibeli 6 bila kupaza chochote. Zima televisheni. Uso uwe kwenye mwanga, midomo inasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Asipoelewa usirudie neno lile lile mara tatu, tafuta neno lingine. Na ukimwita kutoka chumba kingine usimuulize "hujasikia?", amesikia, hajajua aende wapi.

Mashine za kusikia zinasaidia, baba anayo na naona tofauti, hasa tangu awe nazo mbili badala ya moja, ila zinakuza, haziwezi kurudisha ule unoaji wa seli zilizokufa. Vipandikizi vya koklea vinaruka seli zote na kupeleka umeme kwenye mshipa moja kwa moja, elektrodi 12 mpaka 22 zikifanya kazi ya maelfu, na bado watu wanaongea kwa simu nazo, manake ubongo unajifunza kama ulivyojifunza wa wale watu wa Uholanzi waliobadilishiwa umbo la masikio. Tiba ya jeni nayo imeanza kurudisha usikivu kwa watoto waliozaliwa na hitilafu ya jeni moja, inaitwa OTOF, matokeo yakachapishwa mwaka 2024, lakini hao seli zao zilikuwepo, zilikosa protini tu.

Kwa hiyo ukienda kupimwa, wewe au mzazi wako, uliza kama wana kipimo cha maneno ndani ya kelele, ambapo unarudia sentensi huku kuna watu wanaongea nyuma. Kama hawana, waeleze kwa mdomo: wapi unapotea, ukiwa na watu wangapi, upande gani, na kama mwangwi unakusumbua. Waombe waandike kwenye faili hata kama mchoro wa majibu ya kile kipimo cha milio umetoka mzuri.